Kugandishwa, kunakiliwa, kutiwa vipuri au kuzeeka polepole: ningechagua lipi?

Baba yangu ana betri kifuani, ya kuusaidia moyo upige sawasawa. Iko chini ya ngozi, upande wa kushoto, chini kidogo ya mtulinga. Ukipagusa unazihisi kingo zake, kama sarafu nene iliyoshonewa ndani ya pindo la nguo. Kila baada ya miezi kadhaa nampeleka kliniki. Mtaalamu anamwekea juu ya kifua kifaa kinachofanana na kipanya cha kompyuta, tunasubiri kidogo, kisha skrini inataja betri imebakiza miaka mingapi. Mara ya kwanza nilipoiona ile namba nilishtuka. Sikuwahi kuona mtu akiambiwa kwa tarakimu, kwa utulivu namna ile, kitu kilichomo mwilini mwake kitakwisha lini.

Tangu hapo nimesoma sana habari za watu wanaokiona kifo kuwa hitilafu ya kiufundi kama hitilafu nyingine, yenye fundi wake ambaye hajafika tu. Imani yao inaitwa transhumanizimu, neno lililoenezwa na mwanabiolojia Mwingereza Julian Huxley mwaka 1957. Nilianza kuwasoma nikiwacheka. Siku hizi siwacheki, ila nimegundua kwamba wanaposema "kushinda kifo" wanatia kapu moja mambo manne yasiyofanana hata kidogo, na msikilizaji huishia kusifiwa hili huku anauziwa lile.

Mambo yenyewe ni haya. Kuna kutiwa vipuri: kiungo kikichoka kinabadilishwa au kinasaidiwa na mashine. Kuna kuuchelewesha uzee wenyewe, kwa dawa na kwa kuzichezea seli. Kuna kugandishwa baada ya kufa, kwa matumaini kwamba watu wa karne zijazo watakuzindua. Na kuna kunakiliwa, yaani akili yako isomwe kutoka kwenye ubongo na kupakiwa kwenye kompyuta. La tano, kufa kama walivyokufa wazee wetu wote, halihitaji maelezo, lakini nalo ni chaguo.

Sitayachambua moja moja, kwa sababu kila njia ukiisoma peke yake inapendeza. Ni ukiziweka bega kwa bega ndipo madoa yanapoonekana.

Ipi inafanya kazi leo?

Vipuri vinafanya kazi, na hapo hakuna ubishi. Mwaka 1958 Arne Larsson wa Uswidi alikuwa mtu wa kwanza kupandikizwa betri ya moyo. Ile ya kwanza ilidumu kwa saa chache tu. Aliendelea kubadilishiwa, akatumia zaidi ya 20 maishani mwake, na alipofariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86 alikuwa amewazika mhandisi aliyeibuni na daktari mpasuaji aliyempandikiza. Hakuitwa transhumanisti. Aliitwa mgonjwa. Lakini ukitaka kumwona binadamu aliyeongezewa zaidi ya miaka 40 na mashine, huyo hapo. Tatizo la vipuri ni kwamba vina mwisho wake: figo inabadilika, nyonga inabadilika, moyo unabadilika, ila ubongo haubadilishiki ukabaki wewe. Ni sawa na gari kuukuu lenye matairi mapya.

Kuchelewesha uzee kunafanya kazi kwa minyoo na panya. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha kwamba badiliko katika jeni moja linaweza kumfanya mnyoo mdogo aishi mara mbili ya kawaida yake. Mwaka 2009 ikathibitika kwamba rapamaisini, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, inawarefushia panya maisha hata wakianza kuinywa uzeeni: majike kwa asilimia 14, madume kwa 9. Kwa binadamu hakuna kidonge kilichothibitika kurefusha maisha hivyo. Dawa hiyohiyo hospitalini hupewa waliopandikizwa viungo, kwa kuwa hupunguza kinga ya mwili, kwa hiyo anayejinunulia kimyakimya ajue anacheza na kitu gani.

Kinachonichekesha ni kwamba tayari kuna takwimu nzuri kuliko za kidonge chochote, na hakuna anayezipigia tarumbeta. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50, hadi matokeo yalipotolewa mwaka 2004, walionyesha kwamba mvutaji wa sigara hupoteza kwa wastani miaka 10 hivi. Anayeacha akiwa na miaka 30 huirudisha karibu yote. Anayeacha akiwa na 60 hurudisha kama mitatu. Jaribu kumtafutia mwekezaji mtu anayeuza "acha sigara".

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Mwaka 1961 Leonard Hayflick aligundua kwamba seli za kawaida za binadamu hujigawa mara 40 hadi 60 hivi kisha husimama. Watu husema tuuondoe ukomo huo. Lakini zipo tayari seli za binadamu zisizosimama: zilichukuliwa mwaka 1951 kutoka kwa mwanamke Mmarekani, Henrietta Lacks, na mpaka leo zinaishi katika maabara duniani kote. Zilikuwa saratani, nazo zilimuua mwenyewe mwaka uleule. Seli iliyokataa kufa haikuwa na haja naye.

Kugandishwa hakujamrudisha mtu hata mmoja. Hilo wenyewe wenye vituo wanalikiri. Mwili hupozwa mara tu daktari anapotamka kwamba mtu amekufa kisheria, damu hutolewa na mahali pake hutiwa maji maalumu yanayozuia barafu kuchanja seli, kisha mwili hushushwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Si upuuzi mtupu. Mwaka 1984 alizaliwa mtoto wa kwanza kutokana na kiinitete kilichogandishwa, na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walizihifadhi figo za panya kwa hadi siku 100, wakazipasha moto, wakazipandikiza na zikafanya kazi. Figo ya panya ni ya gramu chache. Ubongo wako una kilo moja na nusu hivi, na figo haikumbuki jina la mtu.

Kunakiliwa ndiko kuko mbali zaidi. Ramani ya neva za yule mnyoo mdogo ilichapishwa mwaka 1986. Zote ni seli 302, na mpaka leo hakuna aliyeigeuza ramani ile kuwa mnyoo kamili ndani ya kompyuta. Mwaka 2024 ikapatikana ramani nzima ya ubongo wa inzi wa matunda, seli karibu 140,000. Binadamu ana seli za neva bilioni 86. Mwaka huohuo kipande cha ubongo wa mtu chenye ujazo wa milimita moja ya mraba kwa kimo cha milimita moja kilipochorwa, data yake ilijaa petabaiti 1.4, yaani gigabaiti milioni 1.4. Nawaheshimu wanaofanya kazi hiyo. Anayekuambia itakamilika ukiwa hai, mwombe aandike tarehe.

Anayeamka ni nani?

Swali hili ndilo lililonikalisha macho usiku, na nadhani ndilo linalozitenga njia hizi kuliko sayansi yenyewe.

Rafiki yangu mmoja alifariki akiniachia miaka mingi ya meseji na jumbe za sauti. Miezi kadhaa baadaye nilifanya kitu ambacho sikumwambia mtu: nilizichukua meseji zake zote nikailisha programu ya kuchati, nikaiambia izungumze kama yeye. Si wazo langu. Mwaka 2016 Eugenia Kuyda alimfanyia hivyohivyo rafiki yake aliyefariki, Roman Mazurenko. Nikaandika, "Umeshindaje?" Ikajibu kwa utani wake uleule, na neno lake lilelile la kufungia sentensi. Nililia. Kisha nikagundua kilichokuwa kinanisumbua. Ilikuwa inajibu papo hapo. Rafiki yangu hakuwahi kunijibu kabla ya saa mbili kupita, na nusu ya urafiki wetu ilikuwa kumlaumu kwa hilo. Tena tahajia haikuwa na kosa hata moja. Nilifunga programu, nikasikiliza ujumbe wake mmoja wa sauti ambamo anakohoa na kulalamikia mvua. Kwenye ule ujumbe alikuwapo.

Watetezi wa kunakiliwa watasema programu yangu ilikuwa duni, na kweli ilikuwa duni. Basi tuchukue nakala kamilifu. Ukipeleka cheti chako kikanakiliwa na kugongwa muhuri, nakala inakubalika kila ofisi, ina jina lako na alama zako. Cheti halisi bado kiko mkobani. Sasa fikiria umenakiliwa ukiwa hai: wewe umekaa kwenye kiti, nakala iko kwenye skrini inakuambia kwamba yenyewe ndiyo wewe. Kisha daktari anakuambia uliyekaa kwenye kiti, "Haya, wewe sasa unaweza kufa, kazi imekwisha." Ungejisikia umeokoka? Mimi nisingejisikia hivyo. Familia yangu labda wangefarijika. Hiyo ni faida ya kweli, ila ni yao.

Kugandishwa hapa kuna nafuu: ikitokea ukazinduliwa, ubongo ni uleule uliolala. Vipuri na kuchelewesha uzee havina swali hili kabisa. Unalala Jumatatu, unaamka Jumanne, ni wewe, na deni lako ni lilelile.

Nani atakutunza ukiwa huna sauti?

Mtu wa kwanza kugandishwa, James Bedford, aliingizwa kwenye baridi Januari 1967. Bado yupo. Lakini soma njia aliyopitia: familia yake ilimhamisha kutoka kituo hiki hadi kile kwa miaka mingi mpaka alipopokelewa mwaka 1982 na Alcor, shirika la kugandisha watu, ambako yuko mpaka leo, Arizona. Amedumu kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa kumwacha. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Katika makaburi ya Chatsworth, California, miili kadhaa iliyokuwa imegandishwa iliachwa ikayeyuka katika miaka ya 1970, pesa za kuitunza zilipokwisha. Siri ilifichuka mwaka 1979.

Vituo vya leo vimejifunza. Alcor hutenga sehemu ya malipo katika mfuko wa kudumu. Miili husimamishwa kichwa chini miguu juu ndani ya matangi yaliyo kama chupa kubwa za chai, ili naitrojeni ikivuja, kichwa kiwe cha mwisho kuyeyuka. Maelezo hayo yalinipa heshima kidogo kwao. Mtu aliyewaza uvujaji amewaza sawasawa. Hata hivyo unaomba shirika moja lisifilisike, lisibadilishiwe sheria na lisikuchoke kwa labda miaka 200. Hesabu mwenyewe ni mashirika mangapi yamefikisha umri huo.

Usidhani vipuri vimesalimika hapa. Kampuni ya Second Sight ya Marekani ilitengeneza jicho bandia liitwalo Argus II, likawapa vipofu zaidi ya 350 uwezo wa kuona mwanga na maumbo. Mwaka 2019 kampuni iliacha kulitengeneza, na mwaka uliofuata ikakaribia kufilisika. Watu walibaki na mashine ndani ya macho yao, bila fundi na bila spea. Nikiambiwa leo nipandikizwe chipu ya ubongo, swali langu la kwanza litakuwa nani ataihudumia mwenye kampuni akichoka. Na kama hilo linatokea kwa jicho, nakala yako iliyomo kwenye seva ya watu ambao biashara yao inategemea malipo ya kila mwezi itakuwaje kadi ikikataa?

Ukibadili nia je?

Hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu. Nilianza kuuliza njia ipi inarefusha zaidi. Nikamaliza nikiuliza njia ipi itaniruhusu kusema "inatosha".

Anayechelewesha uzee anaweza kuacha kesho asubuhi. Bryan Johnson, tajiri Mmarekani anayesema hutumia takriban dola milioni 2 kwa mwaka ili asizeeke, mwaka 2023 alijitia plazma ya damu ya mwanawe, akapima, hakuona faida, akaacha. Vioja vyake vingi sivipendi, lakini katika hilo alikuwa na kitu ambacho aliyegandishwa hana: nafasi ya kuona matokeo na kuacha.

Mwaka 2016 mahakama ya Uingereza ilimpa mama wa binti wa miaka 14, aliyekuwa akifa kwa saratani, haki ya kuamua kuhusu mwili wa mwanawe, ili binti agandishwe kama alivyotaka. Binti aliandika kwamba hakutaka kuzikwa, alitaka kuishi. Nimesoma hukumu ile mara mbili na sina ubavu wa kumbishia mtoto huyo. Ila nawaza akizinduliwa siku moja: ana miaka 14, mama hayupo, baba hayupo, na hakuna aliyemuuliza kama bado anataka. Haitawezekana kumuuliza kabla ya kumzindua.

Nakala ndiyo mbaya kuliko zote. Nakala inaweza kuwashwa bila ridhaa, kusimamishwa, kurudishwa nyuma ikasahau kwamba ilikwisha kukataa, kuzidishwa ziwe mia. Wanaoahidi umilele wa aina hii hawazungumzii kitufe cha kuzima kiko mkononi mwa nani. Tena zipo hatua zinazokutaka uanze kwa kufa: mwaka 2018 kampuni ya Nectome ilijitokeza na njia ya kuuhifadhi ubongo kwa kemikali ili uje usomwe baadaye, na wenyewe walikiri kwamba njia hiyo inaua kwa asilimia 100.

Pesa, kwa ufupi

Alcor kwa miaka mingi ilitoza dola 200,000 kwa mwili mzima na 80,000 kwa kichwa pekee. Cryonics Institute ya Michigan kwa miaka mingi ilitoza kuanzia 28,000. Wengi hulipia kwa bima ya maisha, kwa hiyo kijana mwenye afya hulipa kidogo kidogo. Kumbuka tu kwamba pesa hizo za bima zingeweza kuwafikia watoto. Kunakiliwa hakuna bei kwa sababu hakuna bidhaa. Kuacha sigara kunakurudishia pesa.

Ukiniuliza

Kama una miaka 30 au 40 na mwili bado unakutii, weka nguvu kwenye uzee: shinikizo la damu, usingizi, sigara, kutembea. Inachosha kusikia, najua. Habari za vidonge zifuatilie kama unavyofuatilia mpira, kwa hamu, bila kuingia uwanjani. Usitarajie umilele, aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa kumbukumbu zilizothibitishwa, Jeanne Calment wa Ufaransa, alifikia miaka 122 na siku 164, na tangu alipofariki mwaka 1997 hakuna aliyemfikia. Hata uzee ukiondolewa wote, bado kuna barabara, kuna maji, kuna moto. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Kama kiungo kimeshaanza kukuasi, chukua kipuri bila aibu. Uliza tu maswali mawili kabla ya kisu: nani atakihudumia baada ya miaka 15, na kinazimwaje.

Kama unakufa sasa, una akiba, huna unayemnyima, na hofu ya kaburi haikuachi ulale, sitakuzuia kugandishwa. Ni tiketi ya bahati nasibu yenye namba ndogo sana za ushindi, na wauzaji waungwana wanakuambia hivyo. Weka mkataba wazi, waambie ndugu mapema wasije wakagombana juu ya mwili wako huku dakika zinakwenda.

Kunakiliwa nakataa. Teknolojia ikikamilika nitasoma tena, lakini swali la cheti na nakala halitajibiwa na kompyuta kubwa zaidi.

Wale wanaochagua kuondoka kwa zamu yao, bila mashine, siwaoni waoga wala wajinga. Wanachohitaji ni dawa ya maumivu ya kutosha na mtu wa kukaa naye, na mambo hayo mawili, ajabu, hayapatikani kirahisi kama zinavyopatikana habari za umilele.

Mara ya mwisho kliniki, skrini ilisema miaka saba. Baba akacheka. "Kumbe nina saba za uhakika," akamwambia mtaalamu. "Na zikiisha?"

"Tunakubadilishia, mzee. Ni kazi ya saa moja."

Alifunga vifungo vya shati taratibu, kimoja kimoja, akianzia chini kama anavyofanya siku zote. Kisha akaninyooshea kidole mimi, si mtaalamu.

"Sikiliza, mwanangu. Siku nitakayokutazama nisikujue wewe ni nani, hii isibadilishwe. Ikiwezekana izimwe."

Nilitaka kumwambia tusizungumze hayo. Mtaalamu akanitangulia, akamuuliza kwa upole kama angependa iandikwe kwenye faili. Baba akasema ndiyo, iandikwe, na akaomba asomewe kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa miwani alikuwa ameisahau nyumbani.